Tupeane uzoefu: kutoka maabara ya kazini hadi kufundisha kemia chuoni

Mwanzisha mada:
Ndugu zangu, salaam. Nilifanya kazi miaka 9 katika maabara ya mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa, na huu ni mwaka wangu wa pili nikiwa mkufunzi wa kemia katika chuo cha kati. Naomba waliopita njia hii waeleze kilichowasumbua mwanzoni. Naanza mimi.

Kazi yetu mgodini ilikuwa kuchoma sampuli ili kujua zina dhahabu kiasi gani. Gramu 50 za mawe yaliyosagwa tulizichanganya na oksidi ya risasi, soda, boraksi na kiasi kidogo cha unga wa ngano, tukaziingiza katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,000 hivi, hadi risasi ikaikusanya dhahabu na kuzama nayo chini. Niliweza kuifanya usiku wa manane huku akili ikiwa nyumbani, na kumbe hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Wiki ya kwanza darasani, binti mmoja wa mstari wa mbele aliniuliza, "Mwalimu, huo unga wa ngano unafanya nini humo?" Nilikuwa nimeupima unga ule kwa miaka 9, lakini jibu lililonitoka ni kwamba ndivyo mchanganyiko ulivyo. Usiku nilirudi vitabuni: kaboni iliyomo kwenye unga huipokonya oksidi ya risasi oksijeni yake, ikabaki risasi tupu, na ni hiyo inayoishika dhahabu. Kesho yake niliandika mlinganyo ubaoni na kukiri kwamba jana sikuujua.

Mama wa Maji:
Pole, mwalimu mwenzangu. Mimi nilitoka maabara ya maji, Dar es Salaam, na kilichonishinda ni mikono yangu. Katika kupima ugumu wa maji (wingi wa kalsiamu na magnesiamu ndani yake), rangi hutoka wekundu wa divai ikaishia bluu, na mwanachuo akichelewa kufunga koki ya bureti (mrija wa kioo wenye alama za vipimo, unaodondosha kemikali kidogo kidogo) nilikuwa namnyang'anya. Kazini kosa ni hasara, na nilikuja nalo wazo hilo hadi chuoni. Siku hizi namwacha apitilize, kisha namtaka akokotoe gharama ya kosa lake: kwa EDTA, yaani kemikali inayodondoshwa kutoka bureti, ya 0.01 M (moli 0.01 kwa lita) na sampuli ya mililita 50, mililita 1 iliyozidi inaongeza miligramu 20 za ugumu (ukihesabiwa kama kalsiamu kaboneti) kwa kila lita. Wanapoiona namba hiyo, hakuna haja ya kugomba.

Mchangiaji wa Mombasa:
Kwangu kemia haikuwa shida. Shida ni kusahihisha ripoti 80 za jaribio moja, nyingi zikiwa na majibu yanayofanana hadi desimali ya mwisho, na malipo ya saa za ziada niliyoyazoea kiwandani hayapo.

Mwanzisha mada:
Mama wa Maji, nina bureti 12 kwa wanachuo 60. Wanaosubiri zamu unawapa kazi gani?

Mama wa Maji:
Wanasoma bureti ya mwenzao. Kila mmoja anaandika alichoona na kukificha hadi mwisho, ndipo wanalinganisha. Mara nyingi wanapishana kwa mililita 0.1 au 0.2, na wakichunguza wanakuta kwamba mrefu wa kundi hakuinama ili macho yake yawe usawa wa kimiminika.