Tupeane uzoefu: kijana wa miaka 13 hadi 19 aliyewahi kukufaa

Mama Pacha, Kisumu
Hamjambo wanajamvi. Kila baraza ninalohudhuria hapa Nyalenda, vijana wa rika la shule hutajwa kwa mambo matatu: mimba, bangi na kuchoma mabweni. Mimi nina deni kwao, na leo nalisema hadharani.

Nilijifungua pacha mwezi wa Desemba. Wa pili alipotoka, damu haikukatika. Nakumbuka muuguzi akiitia kanga yangu kwenye karai ikiwa inadondoka, akamwambia mume wangu, "Zimebaki painti chache mno, shule zimefungwa." Shule na damu zinahusianaje? Kumbe mtu akifika miaka 16 na kilo 50 anaruhusiwa kutoa damu, na wanafunzi wa sekondari ndio tegemeo kubwa la benki za damu nchini. Wakienda likizo, akiba inashuka.

Nilitiwa painti tatu. Mpwa wangu wa kidato cha tatu aliposikia, akawapigia simu wenzake wa skauti. Asubuhi wakaja saba kwa matatu, kurudisha nilichotumia. Damu yao haikuja kwangu, maana lazima ipimwe kwanza, lakini mama wa kitanda cha pili alikuwa anasubiri upasuaji. Mmoja wao mizani ilisoma kilo 48. Alipoambiwa hawezi, alilia palepale.

Haya, nipeni zenu. Yaliyowapata wenyewe, si ya kusikia.

Fundi Baiskeli, Budalang'i
Pole mama, na hongera kwa pacha. Mto Nzoia ulipofurika mwaka 2020, shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, kwa hiyo wavulana walikuwa nyumbani. Nashukuru Mungu kwa hilo. Watatu wa jirani, mkubwa wao akiwa na miaka 16, walichukua mtumbwi wa babu yao. Wazee kwanza, kisha watoto, mahindi mwisho. Mama yangu hatembei. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki katikati ya mtumbwi, mmoja akaogelea kando ameshika mguu wa kiti kisiyumbe, mpaka kwenye tuta. Walienda na kurudi mara tisa.
Siku ya kugawa misaada walishukuriwa watu wengine kabisa, na wao walikuwa wamesimama kwenye foleni ya unga. Inaniuma hadi leo.

Dani wa Kibuye
Wanangu, mimi nyanya yenu nauza omena. Sukari imenipunguzia macho, mistari ya sindano siioni tena. Binti wa jirani, ana miaka 14, hupitia kwangu saa kumi na mbili asubuhi akiwa ameshavaa sare. Anavuta insulini hadi kwenye mstari alioandika daktari, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anagonga kwa ukucha hewa itoke, ndipo ananipa nijidunge. Halafu ananiuliza, "Dani, umekula?" Huu ni mwaka wa pili. Hajaniomba hata shilingi kumi.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Dani, mbarikiwe wewe na binti huyo. Ninapokata tamaa na darasa huwakumbuka wale wasichana watano wa Kisumu Girls, The Restorers. Mwaka 2017, wakiwa na miaka 15 hadi 17, walitengeneza programu ya simu, i-Cut, ya kumuunganisha msichana aliye katika hatari ya kukeketwa na vituo vya uokoaji, wakaipeleka mashindanoni California. Mwaka 2019 wakafika fainali ya tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Ukeketaji si desturi ya Waluo. Walilishika jambo hilo kwa sababu ya rafiki zao.
Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hiyo, na kila mara kulikuwa na msichana aliyebaki nyuma baada ya kipindi kuniuliza programu hutengenezwaje. Sikujua kumjibu, nikaanza kujifunza kompyuta nikiwa na miaka 56.

Boda wa Kondele
Nina kijana wa miaka 17 nyumbani. Jumamosi tunaenda kituo cha damu pamoja, nimeshamwambia. Mama Pacha, yule wa kilo 48 je?

Mama Pacha, Kisumu
Alirudi Aprili na kilo 51. Alinipigia akiwa bado amelala kitandani pale kituoni, pamba mkononi.