Fremu 4 tuchangie intaneti ya akiba moja, ni akili au tunajidanganya?

Wakuu habari za mihangaiko. Tuko fremu nne hapa Morogoro, mimi steshenari, pembeni duka la dawa, wakala wa miamala na jamaa wa gemu. Mtandao ukizingua kila mtu analia kivyake. Juzi nina foleni ya vijana wanaomba mkopo wa chuo, ukurasa unazunguka tu, mmoja kaondoka na hela yake mkononi naiona. Sasa tumekaa tukasema tuchange, tuvute faiba moja, ule waya wa intaneti, pembeni raita (kifaa cha kugawa intaneti) ya laini ya simu, faiba ikizima inahamia yenyewe, na betri ya kubeba vyote. Kuna aliyefanya hivi? Tusije tukachoma hela.

Fundi_Raita: Raita za hivyo zipo mkuu, we uliza njia zako mbili zinapita wapi. Makampuni mengi siku hizi yanapanga kwenye mnara mmoja, antena kila mtu yake ila betri na jenereta za mwenye mnara, ukizima mnazima wote. Na faiba yako na huo mnara vinaweza kuwa kwenye mtaro mmoja, greda likipita kwisha habari.

Pwani_Tupu: Umenikumbusha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikonga ya EASSy na Seacom, zile nyaya za intaneti za chini ya bahari, ilikatika siku moja upande wa Afrika Kusini, intaneti huku ikawa ya kuomba Mungu. Mikonga miwili lakini imelala bahari ileile.

Mama_Floti: Huyo wakala msimchangishe sawa na nyie jamani. Menyu ya nyota na reli haipiti kwenye intaneti, kampuni yake ikizima faiba yenu haimsaidii kitu, akiba yake ni floti ya mtandao mwingine. Betri sawa achangie, si atachaji simu.

Mbeba_Boksi: Huku Kanada Julai 2022 mtandao wa kampuni ya simu ya Rogers ulizima nchi nzima, mpaka malipo ya kadi za benki yakagoma. Serikali ikayabana makampuni yasaini kubebana, mmoja akianguka wateja wake wapite kwa mwenzake. Mpango wenu si mkubwa kama huo lakini wazo ni lilelile.

Fundi_Raita: Kabla hujanunua kitu, weka laini tofauti kaunta, subiri umeme ukatike, andika ipi inazima saa ngapi.

Mleta uzi: Jana umeme umekata saa moja kasoro usiku nikasema afadhali leo. Kitochi changu cha laini mbili kiko kaunta, saa nne na kitu ya kwanza ikapoteza mnara, sijamaliza kupiga mwayo na ya pili hiyo ikaondoka. Kumbe nimelipia bando mbili mwaka mzima kwa mnara mmoja! Ya jamaa wa gemu, kampuni ya tatu, ikabaki na vijiti viwili mpaka umeme unarudi. Tunachukua hiyo. Sasa ugomvi ni betri ikae kwa nani, wa duka la dawa anang'ang'ania ikae kwake, halafu nimemsikia anamuuliza fundi kama inabeba friji.