Mjadala: pesa za umma ziende kwenye galaksi za mbali au mifereji kwanza?

Mwalimu wa Ganjoni: Kenya ni mshirika wa mradi wa darubini za redio wa SKA. Je, tusomeshe vijana wetu kazi hii? Mfano: nyuma ya galaksi moja kuna kwasari, yaani kiini king'aavu mno cha galaksi ya mbali zaidi, iitwayo PKS 1830-211. Mwanga wake ukipenya gesi ya galaksi ile, kila aina ya molekuli hufyonza mawimbi yake maalumu, nasi huitambua kwa hayo. Darubini za ALMA, Chile, zimesoma humo hata maji, ya miaka zaidi ya bilioni 7 iliyopita.

Mama Kisauni: Maji! Mfereji wangu wiki ya tatu hautoi tone. Leo nimenunua madumu sita ya mkokoteni, la mwisho lina chumvi hata chai haikunyweka. Sisi wapwani mwezi wa kufungulia watutosha, galaksi waachieni wenye maji.

Nahodha Likoni: Mama, kwa maji niko nawe. Lakini hilo la mwezi limenichoma. Babu yangu alikwenda Lamu usiku kwa nyota, bila dira. Leo nyota si zetu?

Mama Kisauni: Sikusema si zetu, baba. Nimesema zingoje.

Kijana wa Majengo: Tungoje mpaka lini? Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo Malindi 1963, jina letu, kazi ya wageni.

Nahodha Likoni: 1970, mwanangu, tarehe 12 Desemba. 1963 ni uhuru wenyewe.

Kijana wa Majengo: Haya, 1970. Bado tulikuwa watazamaji!

Mwalimu wa Ganjoni: Jamani, turudi. Usiku pale ufukweni Mama Ngina, moshi wa mihogo ukipita mbele ya taa, moshi hauwaki, waujua kwa nuru uliyoila. Ndivyo ilivyo: galaksi iwe mbali vipi, taa ya nyuma ikiwa kali tutaisoma. Molekuli hizo hizo zilipima joto la ulimwengu wakati ule, kama Kelvini 5, yaani digrii 5 tu juu ya baridi ya mwisho kabisa. Leo ni 2.7.

Nahodha Likoni: Nimekuelewa, mwalimu. Wazee wetu nao walisoma majira angani. Kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa mvua huzuka kwa mvua...

Mama Kisauni: Umekosea! Kikizama kwa *jua* huzuka kwa mvua. Mamangu akiyasema haya huku akipanga mitungi chini ya mchirizi wa paa.

Nahodha Likoni: Kwetu hatukusema hivyo.

Mama Kisauni: Basi kwenu mlisahau. Saa kumi alfajiri niko foleni ya maji, nikikiona nitakupigia.