SSH inaganda lakini ping inapita, munisaidie

himbi_linux
Jambo bandugu. Niko Goma, natumia Debian ku laptopu, intaneti nachukua ku modemu ya 4G. Niko na seriva Ujerumani, nikipiga ping inajibu muzuri hakuna paketi yenye kupotea, lakini nikisema ssh (ile ya kuingia ku mashini ya mbali) inakaa tu, haisemi imekataa, haisemi kifunguo ni kibaya, inanyamaza mpaka inakufa. Nikienda ku wifi ya kazini, laptopu ile ile, inaingia bila maneno. Fayawoli nilishafunga, funguo nilishageuza. Ni seriva ao ni mimi?

fundi_birere
Angalia kwanza kama hauko ku roamingi, huku karibu na mupaka modemu zinapenda kunasa minara ya Gisenyi, Rwanda, mega zinaisha hata haujajua

himbi_linux
Hapana, roamingi nilifunga zamani, ilishanikula sana

yaya_terminali
Acheni kubahatisha. Piga `ssh -v` utuletee musitari ya mwisho.

himbi_linux
`debug1: expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY`, kisha kimya

yaya_terminali
Njo ile. Kifunguo chako haijafikiwa hata, pale mashini mbili zinapatana kwanza siri ya kufunga mazungumuzo, na hapo paketi zinanenepa, tena tangu OpenSSH 9.0 ya 2022 zimenenepa zaidi. Ping ya kawaida inabeba bayiti 56 tu, itakosaje kupita? Laptopu yako inaamini njia yote inabeba paketi za bayiti 1500, kumbe kuko mahali inabeba chini ya pale, na ujumbe wa ICMP (njo lugha yenye ping pia inatumia) wenye ungesema "punguza" umezuiwa na mutu mwenye anafikiri ICMP ni ya wezi tu (hao bako wengi). Pima na paketi yenye haikubali kukatwa:

`ping -4 -M do -s 1472 seriva-yako`

1472 na 28 za vichwa ni 1500. Ikinyamaza teremusha namba mpaka ipite.

himbi_linux
1472 kimya, 1400 kimya, 1372 imepita!!

yaya_terminali
Ongeza 28, unapata 1400, njo MTU (ukubwa wa paketi) ya kuweka. Basi, kama modemu yako inaitwa wwan0:

`sudo ip link set dev wwan0 mtu 1400`

Funga ile ssh yenye imeganda ufungue mupya, juu seriva inaambiwa kipimo wakati koneksio inafunguka, si katikati. Ukizima mashini inarudi 1500, kwa hiyo iandike ku NetworkManager, ni `gsm.mtu`.

himbi_linux
Imeingia papo hapo!! Aksanti sana yaya, nilikuwa karibu kufuta seriva yote

mac_katindo
Mie niko na Mac, `-M` inakataa

yaya_terminali
Ku Mac ni `ping -D -s 1472`. Na kama unapitia WireGuard (VPN), MTU yake yenyewe kwa kawaida inakaa ku 1420, kwa hiyo juu ya njia kama ya huyu ndugu utaishusha tena, ujaribu 1320.