Kikohozi kikavu hakiishi na vipimo vyote safi, nisaidieni

Mwenda_Pole: Wakuu, tangu Ramadhani nakohoa. Makohozi yamepimwa, TB hakuna. Picha ya kifua safi. Antibayotiki nimemaliza, wapi! Koo linaanza kukereketa nikicheka, nikiongea na simu, au jirani akikaanga pilipili. Ofisini wameanza kunikwepa. Naomba jina la sirapu kali.

Mama_Nuru: Pole kaka. Tangawizi na asali. Na tuache kununua antibayotiki kama karanga, ndiyo maana siku hizi hazituponyi.

Kipimajoto: Mkuu, kicheko, maongezi na harufu vikikukohoza, neva zako zimekuwa nyepesi kupita kiasi. Ncha za neva ya vagasi zimetapakaa kooni na kwenye njia ya hewa, zikipeleka taarifa kwenye shina la ubongo. Zikichokozwa kwa muda mrefu, hata kitu kidogo ambacho mwenzako hakisikii, kwako kinakuwa amri ya kukohoa. Pilipili inazigusa moja kwa moja. Watafiti hupima wepesi huo kwa kumvutisha mtu kapsaisini, ule ukali wake. Na kila ukikohoa kwa nguvu unazichokoza upya. Mapafu yanaweza kuwa safi kabisa. Kuna dawa unameza kila siku?

Mwenda_Pole: Za kawaida tu.

Kipimajoto: Zipi? Zitaje.

Mwenda_Pole: Enalapril ya presha. Sikuitaja kwa sababu nilianza kuitumia miezi kadhaa kabla ya kikohozi. Isitoshe, wiki iliyopita nimeiacha, bado nakohoa, kwa hiyo siyo yenyewe. Sirapu ya kodeini nimeshaagiza.

Zongo: Hii chai. Mara dawa za kawaida, mara presha, sasa kodeini. Subirini aweke namba ya muuzaji. Modi, funga uzi.

Mwenda_Pole: Siuzi chochote. Presha ni siri yangu, hata nyumbani hawajui.

Kipimajoto: Zongo, maelezo yake yanalingana na dawa. Enalapril inazuia kimeng'enya kinachovunja bradikinini, kemikali ya mwilini, nayo ikirundikana inaziamsha neva hizohizo. Kikohozi huweza kuanza saa chache baada ya kidonge cha kwanza, au miezi baadaye. Ukiacha, kwa kawaida huisha ndani ya wiki 1 hadi 4, wengine hadi miezi 3. Wiki moja haijathibitisha kitu. Kodeini inaleta usingizi, inafunga choo na ina uraibu, na chanzo kinabaki palepale.

Pumzi_Ndefu: Koo likianza kukereketa, funga mdomo, meza funda dogo la maji, vuta hewa polepole kwa pua, itoe kwa midomo iliyobana. Rudia mpaka hamu ipite. Acha kukwangua koo kwa "ehem". Kunaumiza sawa na kukohoa.

Mwenda_Pole: Nikibadilishiwa si nitakohoa vilevile? Bora nikae bila dawa.

Kipimajoto: Dawa nyingine za presha zipo: losartan haikigusi kimeng'enya hicho, na amlodipine inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Kukaa bila dawa ndiko kunakoleta kiharusi. Kesho kaa umetulia dakika 5, pima presha, andika namba, mpelekee daktari pamoja na pakiti ya enalapril. Ukikohoa damu, ukipungua uzito au ukitokwa jasho jingi usiku, nenda siku hiyohiyo.