Dharura ya kujitakia isiwe kisingizio cha kuua ushindani kwenye mawasiliano ya waokoaji

Ndugu wanajamvi,

Nimechoshwa na maandiko ambayo taasisi za serikali ya shirikisho ya Marekani huyatoa kuhalalisha ununuzi wa chanzo kimoja, yaani kununua kwa kampuni moja bila kushindanisha nyingine, kila zinapohitaji laini za simu na intaneti isiyo na waya kwa ajili ya vikosi vya dharura. Mkataba wa laini huwa na tarehe ya kwisha iliyoandikwa tangu siku uliposainiwa, na ofisi ya manunuzi inaijua. Hata hivyo miezi inapita bila uchunguzi wa soko wala tangazo la zabuni, kisha wiki za mwisho linaibuka andiko linalosema kwamba huduma ikikatika maisha ya watu yatakuwa hatarini. Ni kweli yatakuwa hatarini, lakini ni nani aliyeyaacha yafike huko?

Sheria ya Ushindani katika Mikataba ya mwaka 1984 haina utata. Inataka ushindani kamili na wa wazi, na inaruhusu kuukwepa kwa sababu chache tu, mojawapo ikiwa ni uharaka usio wa kawaida. Lakini inakataza waziwazi ushindani kukwepwa kwa sababu taasisi haikupanga mapema. Hata uharaka ukiwa wa kweli, taasisi bado inapaswa kuomba bei kwa wazabuni wengi kadiri inavyowezekana, na mkataba hauruhusiwi kuzidi mwaka mmoja isipokuwa mkuu wa taasisi aone kwamba hali ni ya kipekee. Kibaya zaidi, andiko la uharaka linaweza kuchapishwa hadi siku 30 baada ya mkataba kutolewa, wakati kampuni nyingine hazina tena la kufanya.

Sikatai kwamba mahitaji ya waokoaji ni ya pekee. Septemba 11, 2001, wazimamoto wengi waliokuwa ndani ya mnara wa kaskazini wa World Trade Center mjini New York hawakuisikia kwenye redio zao amri ya kutoka. Ndiyo maana mwaka 2012 Bunge la Marekani liliunda FirstNet, mamlaka ya mtandao maalumu wa mawasiliano ya waokoaji, na kuitengea megahezi 20 za mawimbi ya redio katika masafa ya megahezi 700, na mwaka 2017 kampuni ya simu ya AT&T ikapewa mkataba wa miaka 25 wa kuujenga mtandao huo. Lakini kazi hiyo yenyewe ilitangazwa na kushindaniwa, na hakuna sheria inayozilazimisha taasisi kujiunga nao. Kampuni za Verizon na T-Mobile nazo zinawauzia waokoaji huduma za kipaumbele, yaani laini zinazotangulizwa mtandao unapoelemewa. Kwa hiyo afisa anayeandika kwamba mtoa huduma ni mmoja tu anawajibika kulithibitisha hilo kwa vipimo vya mawimbi katika maeneo ambayo kikosi chake kinafanyia kazi, wala si kwa kunakili kijitabu cha mauzo.

Hatari za kutouliza maswali mapema tumeziona. Mwaka 2018, California ikiungua, Verizon ilipunguza kasi ya intaneti ya gari la mawasiliano la wazimamoto wa kaunti ya Santa Clara kwa sababu kifurushi chao kilikuwa kimefikia kikomo. Kipengele cha namna hiyo hujadiliwa na kuondolewa wakati wazabuni wanashindana, kabla moto haujawaka. Februari 22, 2024, mtandao wa AT&T ulizimika kwa saa 12 au zaidi, na watumiaji wa FirstNet nao wakaathirika; taasisi iliyoweka laini zake zote kwa kampuni moja ilikuwa na pa kukimbilia?

Kinachonikera kuliko vyote ni aya ya mwisho ya maandiko haya, ile ambayo kisheria inapaswa kueleza hatua zitakazochukuliwa kuondoa vikwazo vya ushindani kabla ya ununuzi unaofuata. Huko huandikwa kwamba taasisi itaendelea kufuatilia soko, basi. Mkataba ukiisha, aya hiyo hiyo hunakiliwa na tarehe kubadilishwa. Wanaosaini waache kuipitisha hadi itaje mwezi ambao zabuni itatangazwa, afisa atakayewajibika, na kampuni zitakazoalikwa kufanya majaribio.