Jiko la gesi ya kuni: la bati bila feni, la feni la pumba, au la peleti?

MamaLishe_Ifakara
Habari zenu wanajamvi. Napikia wateja wa mchana hapa Ifakara: wali, maharage, ugali. Mkaa unanimalizia faida, na mtungi wa gesi nautumia kwa chai na kukaanga tu. Nimeyaona majiko yanayochoma gesi inayotoka kwenye kuni zenyewe, moshi karibu hakuna. Mashine za kukoboa mpunga ziko jirani, pumba ni milima. Mngechagua lipi kati ya hayo matatu?

FundiBati_Moro
Dada yangu, chagua kuni kwanza, jiko baadaye. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Jiko la bati lisilo na feni unalijaza vipande vya kuni vikavu, halafu unawasha JUU, siyo chini. Moto unashuka polepole, kuni zinatoa gesi, gesi inapanda na kukutana na hewa nyingine inayoingia kwenye matundu ya juu, inawaka hapo chini ya sufuria. Ukimaliza unabaki na mkaa, asilimia 20 hivi ya uzito wa kuni ulizoweka. Wazo hili Thomas Reed wa Marekani alilianza mwaka 1985, na Mnorwe Paal Wendelbo akafika kwenye jiko la namna hiyo kwa njia yake mwenyewe, akalifanyia kazi huko Uganda. Kwa hiyo si kitu cha jana.

Pumba ukizitia kwenye jiko hilo hazitawaka vizuri. Zinajibana, hewa haipiti. Ndiyo maana Alexis Belonio wa Ufilipino, aliyetengeneza jiko la pumba za mpunga na kupata tuzo ya Rolex mwaka 2008, aliweka chini yake feni ili isukume hewa. Kwa pumba, feni ni lazima.

Mwalimu_Embu
Hapa kwetu Embu watafiti waliwapa akina mama jiko la GASTOV, la KIRDI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa viwanda), wakapika nalo nyumbani. Walitumia matawi ya grevilea, magunzi ya mahindi, hata vifuu vya nazi. Moshi ulipungua sana, na yale makaa yaliyobaki yaliwafurahisha. Malalamiko yalikuwa kukatakata kuni vipande vidogo, na kwamba huwezi kuongeza kuni katikati ya mapishi. Githeri haingoji, jameni! Mama akipikia watu wengi hilo la pili litamsumbua kuliko lolote.

Rubavu_Rwanda
Kuhusu peleti, yaani vile vidonge vya unga wa mbao ulioshindiliwa, niseme tuliyoyaona huku. Kampuni ya Inyenyeri iliwapa watu majiko ya feni ya Mimi Moto na kuwauzia peleti. Moto safi kabisa, hilo sibishani. Lakini kampuni ilifungwa mwaka 2020, na jiko la peleti bila muuza peleti ni chombo cha kuwekwa kabatini. Kama Ifakara hakuna anayezitengeneza, liache.

MamaLishe_Ifakara
Asanteni sana. Peleti naziacha. Fundi, kwenye maharage nifanyeje, na feni hiyo inakula umeme kiasi gani? Umeme wetu unakatika.

FundiBati_Moro
Feni ni ndogo, ile ya kompyuta ya volti 12. Betri ya pikipiki inaiendesha, na paneli ndogo ya sola inaichaji.

Ushauri wangu: wali na ugali pikia jiko la pumba. Mwambie fundi aweke miguu mipana, maana majiko haya ni marefu na kusonga ugali juu ya kitu kinachotikisika ni kuomba kuungua. Maharage yaanzie jiko la bati lisilo na feni, kwa vipande vya mbao vinavyobaki kwenye kiwanda cha mbao. Mwali ukizima, mwaga makaa yale kwenye jiko la mkaa, maharage yamalizikie hapo taratibu. Mkaa wa kununua utapungua sana.

Pumba zikinyeshewa zitatoa moshi mzito wa manjano, usikubali kuuziwa mbichi. Na mwali wa gesi ukizima, usiache makaa yaendelee kufukuta ndani ya kibanda kilichofungwa. Ile hewa ya sumu haina harufu, na wasaidizi wako ndio wanaokaa karibu nayo kutwa nzima.

Mwalimu_Embu
Naunga mkono hilo la mwisho kwa mikono miwili. Jiko hili ni safi pale tu mwali unapowaka.

Kilombero_Mkulima
Majivu meusi ya pumba usitupe, mama. Mimi nayachanganya na samadi kwenye kitalu cha mboga. Ukikusanya gunia nitakuja kulichukua mwenyewe.